Vita vya Kimyakimya Sebuleni

Juzi nikiwa jikoni nilisikia buti zikikanyaga changarawe, polepole, kama za mtu anayenyemelea nyumba. Nikatoka na mwiko mkononi. Kumbe ni mwanangu na mchezo wake wa vita kwenye kompyuta. "Mum, kuna msee nyuma ya hiyo nyumba," akaninong'oneza, akinionyesha alama ya kuuliza iliyokuwa imetokea kwenye ramani. "Hatujamwona bado. Tumemsikia tu." Nilisimama pale mpaka vitunguu vikaungua. Mchezo huo niliujua. Niliucheza nikiwa mdogo, kwenye sebule yetu ya Kitengela, kwa vizibo vya soda.

Baba ndiye aliyeutunga. Alikuwa ametoka jeshini akawa dereva wa boza, yale malori ya kuuza maji mitaani, lakini likizo ile ya shule alikuwa akirudi nyumbani kabla ya saa sita mchana. Yeyo, ndivyo tulivyomwita mama kwa Kimaasai, alikuwa mgonjwa. Moyo wake ulikuwa umechoka. Hospitali ilimrudisha nyumbani apumzike, na daktari akasema asisumbuliwe na kelele hata kidogo. Mdogo wa Yeyo, Anti Naserian, akaja kutoka Kisaju kumuuguza. Kila asubuhi mimi na kaka yangu mdogo, Saitoti, tuliingia kumsalimia, tukainamisha vichwa akatuwekea mkono, kisha tukatolewa hadi sebuleni na pazia la mlango wa chumba chake likarudishwa.

Sasa sisi wawili tulikuwa na kelele za kutosha harusi nzima. Tuligombania uji, tukagombania dirisha, tukagombania nani alianza kugomba. Baba akaona fimbo haitasaidia, maana fimbo nayo huleta kilio. Alichukua kalenda mbili kuukuu, akachora nyuma yake ramani ileile: mto, kilima, vichaka na boma la ng'ombe, vyote ndani ya miraba. Akasimamisha katoni ya mafuta ya kupikia katikati ya mkeka. Yeye akakaa na ramani yake upande mmoja, mimi na yangu upande wa pili, mtu asiwaone askari wa mwenzake, yaani vile vizibo. Saitoti alifanywa refa. Yeye peke yake aliruhusiwa kuchungulia pande zote mbili, kwa kuwa alikuwa mdogo hata uongo haujui.

Sheria zilihusu masikio. Askari akitembea, alisikika kwa adui aliye miraba miwili kutoka kwake. Akikimbia, minne. Lori lilisikika ramani nzima. Basi refa alihesabu miraba, na kama umesikia kitu aliweka punje ya haragwe kwenye ramani yako, pale sauti ilipotokea. Haragwe lilikuambia kuna mtu. Halikukuambia ni nani, wala wako wangapi, na mara nyingi nilituma kikosi kizima kwenda kumvamia mpishi mmoja anayeteka maji mtoni. Tena aliyesikia ni yule aliyetulia tu. "Ukitembea unasikia miguu yako mwenyewe," Baba alisema.

Halafu kulikuwa na sheria kubwa kuliko zote: sauti ya mchezaji ni sauti ya askari wake. Ukicheka, ukibishana na refa, hata ukipiga chafya, haragwe linamwangukia askari wako aliyejificha vizuri kabisa, na adui anajua pa kumtafuta.

Jamani, tulinyamaza! Jirani alimuuliza Baba kama tumepelekwa ushago, kule kijijini. Nilijifunza kucheka nikiwa nimeuma mkono wa sweta. Saitoti alizunguka katoni kwa ncha za vidole, maharagwe yake kiganjani, amekunja uso kama mzee wa kanisa anayekusanya sadaka. Tulijivuna sana, maana tuliambiwa kwamba Yeyo akipumzika atapona, na sisi tulitaka apone upesi ili atupikie chapati.

Baba mwenyewe, kwa mtu aliyekuwa mwanajeshi, alipigana vibaya mno. Askari wake walikaa tu. "Baba, si ushambulie? Uko na watu wengi," nilimnong'oneza siku moja.

"Wacha wakae. Nasikiliza," akajibu, bila kuitazama ramani.

Nilimzunguka nikamshinda, na kesho yake tena nikamshinda, mpaka nikaanza kumwonea huruma. Mvua ikipiga mabati hali ilikuwa mbaya zaidi. Aliinuka katikati ya mchezo, akaingia nyuma ya pazia, asirudi mpaka inyamaze. Nilimwambia Saitoti kwamba Baba anaogopa kushindwa.

Yeyo alifariki alasiri moja kabla shule hazijafunguliwa. Hapakuwa na mvua wala upepo. Baba alikuwa amebakiwa na vizibo vichache, nami nilikuwa nikifikiria nimmalize vipi, akainua kichwa ghafla. Saitoti hakuwa ameweka haragwe lolote. Baba aliruka juu, katoni ikaanguka, ramani yake yote ikabaki wazi mbele yangu. Alipokwisha kupita pazia ndipo nilipomsikia Anti Naserian akipiga mayowe.

Mimi sikulia kwa sauti. Hata Kisaju tulipomzika nililia nimeuma sweta, na akina mama wakanisifu kwamba nina moyo mkubwa.

Nilikuwa tayari mama mwenye mtoto wa pumu, nimekaa mlangoni pake nisithubutu hata kusogeza kiti, nilipoelewa ni nini Baba alikuwa akisikiliza. Alikuwa akifuata pumzi za mke wake. Mvua ilipozifunika, alilazimika kuingia akazitazame kwa macho. Nilifurahi kuelewa hivyo, nikadhani yameisha.

Desemba iliyopita Anti Naserian alikuja kwangu, tukawa tunamenya viazi. Nikamsimulia mchezo wa vizibo nikicheka. Yeye hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Yeyo wenu alikuwa ananiuliza kila mchana, 'Watoto wamepelekwa wapi?' Namwambia wako hapo tu kwa mkeka, wanacheza na baba yao. Anasema, 'Naserian, usinidanganye. Watoto wangu hawawezi kunyamaza hivyo.'"

"Na mbona hukutuita, Anti?"

"Daktari alikuwa amekataza kelele. Mimi nilikuwa msichana tu. Ningesema nini?"

Tuliendelea kumenya viazi, kwa kuwa watu walikuwa wanangoja kula. Nilitamani niinuke nikapige kelele hadi majirani watoke. Yeyo alitujua vizuri. Hatukuwa watoto wa kunyamaza. Tulinyamaza tukitaka aishi, na yeye akafa anadhani hatupo.