Mama Nailoni na Diski Iliyochemka

Jina la Mama Nailoni alipewa na dada yake mkubwa, na tangu siku hiyo halikumtoka. Ukweli ni kwamba alilitafuta mwenyewe. Rimoti ya televisheni yake ilikuwa bado na nailoni ya dukani. Mlango wa jokofu ulikuwa na nailoni, saa ya ukutani nayo nailoni, na kochi la sebuleni, lenye umri wa miaka tisa, hakuna kiumbe aliyewahi kugusa kitambaa chake. Ukilikalia lilipiga kelele, na siku za joto ukiinuka lilikung'ang'ania mapajani. Ukimuuliza analitunzia nini, alikujibu bila kupepesa macho kwamba iko siku atakuja mgeni.

"Mgeni gani huyo?" dada yake alikuwa akimuuliza. "Miaka yote hii mimi nimekuwa mbuzi?"

"Wewe si mgeni, dada. Wewe ni mtu wa ndani."

Kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya studio ya picha, bati juu, dirisha moja, na kompyuta aliyoipangusa kila asubuhi kwa kitambaa cha miwani. Na kazi aliijua hasa. Aliweza kumwondoa mjomba aliyelewa kwenye video nzima, hata mjomba mwenyewe akiitazama akaamini kwamba siku ile alikuwa na adabu zake.

Wiki tunayoizungumzia, harusi ilikuwa ya nyumbani. Binti wa dada yake, ambaye kwake ni mwanawe kabisa kwa kuwa yeye ndiye mama mdogo, aliolewa Jumamosi, na mama mzazi hakuwepo. Dada alikuwa amelazwa siku tatu kabla, ana uvimbe tumboni, na madaktari walikataa katakata asitoke hata kwa saa moja. Upasuaji ulipangwa Alhamisi asubuhi. Jumanne akapiga simu, kwa sauti ndogo ambayo mdogo wake hakuwahi kuisikia kwake.

"Nataka kumwona mwanangu akiolewa kabla hawajanipasua," alisema. "Baada ya hapo sijui kama nitaamka niione."

"Kesho saa kumi, saa ya kuona wagonjwa, nakuletea," Mama Nailoni akajibu. Alikata simu, akalia akiwa amesimama.

Kuhariri kulikuwa kumekwisha. Kilichobaki ni ile kazi ya mwisho, kompyuta kuunganisha vipande vyote viwe video moja, na hapo ndipo balaa lilipokuwa limejificha. Video zote zilikaa ndani ya SSD mpya, diski nyembamba kama kipande cha chingamu, yenye mbio za ajabu na joto la ajabu vilevile. Ikizidi kuchemka hujipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili alikuwa ameshaiona shida hiyo, na Jumatatu akampa hitisinki, kijipande cha aluminiamu chenye mapezi, cha kulivuta lile joto na kulimwaga hewani.

"Bandika juu ya diski, kaza skrubu mbili, umemaliza," alimwambia, akarudi kwenye shughuli zake.

Mama Nailoni alibandika, akakaza, akafurahi. Jumatano asubuhi akaanzisha kazi. Ilipofika asilimia thelathini na mbili, mwendo ukashuka, ukashuka tena, kisha kompyuta ikaganda. Akaizima, akaiwasha, akaanza upya. Safari hii ikafika ishirini na saba. Akafungua ubavu wa kompyuta na kuuelekezea feni ya mezani. Akajaribu kuhamishia video kwenye diski nyingine, hata kunakili nako kukagoma katikati. Kijiprogramu cha kupimia joto kilionyesha nyuzi themanini na sita. Saa sita na nusu binti akapiga simu.

"Mama mdogo, imeisha?"

"Inaisha, mwanangu."

Ulikuwa uongo mtupu. Aliwaza dada yake akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu bila kuona kitu, akaona bora aibu kuliko hilo. Akampigia fundi, akamwambia aache kila alichoshika aje.

Fundi alifika saa saba na nusu. Alikuwa mtu mrefu, mvivu wa maneno. Aliizima kompyuta, akaingiza kidole, akagusa ubavu wa diski na kukirudisha haraka. Kisha akagusa mapezi ya hitisinki. Akayagusa tena.

"Ajabu," alisema. "Diski inaunguza, na hitisinki ni baridi kama haihusiki."

"Basi hitisinki yako mbovu."

"Aluminiamu haina ubovu, mama." Akavuta kiti akae afikirie.

Kiti kikalia kwachu. Fundi akainuka kidogo, akatazama alichokalia. Kilikuwa na nailoni. Akatazama kibodi, nayo imevikwa nailoni. Akatazama skrini, pembeni kuna nailoni imejikunja kwa uzee.

"Mama, hiki kiti ulikinunua lini?"

"Mwaka juzi. Fundi, umekuja kutengeneza kompyuta au kuandikisha mali zangu?"

"Ile hitisinki ilikuja na pedi laini ya kunata. Upande unaolalia diski ulikuwa na nailoni ya buluu."

"Ndiyo, ilikuwepo."

"Uliitoa?"

Mama Nailoni alimtazama kama aliyeulizwa kama anatupa sahani baada ya kula. "Niitoe kwa nini? Si ya kuitunza pedi isichafuke?"

Fundi akageukia ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Alipogeuka tena alikuwa amejikaza vizuri, lakini macho yalimlengalenga.

"Kosa ni langu," alisema. "Sikukwambia, nilidhani hilo mtu halihitaji kuambiwa. Joto haliwezi kupita hapo sawasawa, mama. Umeivisha diski koti la mvua."

Alifungua skrubu, akaibandua hitisinki, akampa. "Toa wewe mwenyewe."

Mama Nailoni alitafuta ncha kwa ukucha, akavuta. Nailoni ikatoka yote kwa mkupuo mmoja, na tusifichane, ilimuuma kidogo. Fundi akairudishia hitisinki mahali pake, pedi ikashika diski ngozi kwa ngozi, wakawasha.

Ikapita asilimia thelathini. Joto nyuzi hamsini na nne. Ikapita sitini, mapezi sasa yana uvuguvugu, na kila fundi alipoyagusa alitikisa kichwa kwa kuridhika. Saa tisa na robo video ikakamilika, na Mama Nailoni akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu Jumanne. Alimkumbatia fundi, jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitarajia, kisha akachomeka flashi, akanakili, akatoka mbio.

Saa kumi kamili laptopu ilikuwa juu ya mapaja ya dada, binti ameketi ukingoni mwa kitanda. Dada alitazama mpaka bibi harusi alipoingia ukumbini na kucheka.

"Rudisha nyuma," alisema. "Hapo alipocheka."

Walirudisha mara tatu. Alijifuta macho kwa ncha ya shuka, akamshika binti yake mkono. "Haya. Sasa wanipasue tu."

Ndipo Mama Nailoni akasimulia kisa cha nailoni ya buluu. Dada alicheka akajishika tumbo, hata nesi akaja kuwaambia kwamba tumbo hilo lina kazi kesho, waliache lipumzike.

Alhamisi saa saba mchana daktari alitoka akasema ameamka salama. Mama Nailoni akakaa chini pale pale kwenye korido, akashukuru kwa sauti mpaka watu wakageuka. Wiki iliyofuata majibu ya vipimo yakaja. Uvimbe haukuwa mbaya.

Dada alipotolewa hospitali aliletwa kwa mdogo wake kupata nafuu. Alifika sebuleni akishikwa mkono, akasimama ghafla mlangoni.

"Kumbe ni la kijani!" alisema. "Miaka tisa nilidhani la kijivu."

Alikaa taratibu. Kochi halikupiga kelele. Akapitisha kiganja kwenye kitambaa, kwenda na kurudi, kisha akamtazama mdogo wake kwa jicho la uchokozi.

"Kwa hiyo yule mgeni wako ndiyo anakuja leo?"

Mama Nailoni akachukua mto, akauweka nyuma ya mgongo wa dada yake.

"Egemea, dada," alisema. "Egemea vizuri."