Mizigo ya Jeshi la Kikoloni Niliyoifunga Mara Mbili

Mwaka niliomaliza shule ya jioni hapa Louisville, Marekani, kilichokuwa kimebaki kati yangu na cheti kilikuwa somo moja tu, historia. Nilishalifeli mara moja. Meneja wa ghala nilikofanya kazi alikuwa ameniahidi meza ya kupanga safari za malori, kazi ya mchana, ya kukaa kama waziri, mradi nilete cheti. Bila hicho ningebeba maboksi mpaka siku ya ufufuo.

Mwalimu wetu, mzee wa Kimarekani mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima wa Newburg, akatupa kazi ya mwisho. Jifanye ofisa wa ugavi wa jeshi la kikoloni, karne ya kumi na tisa. Askari mia moja wanatoka pwani ya Afrika Mashariki kwenda kwenye maziwa. Punda wanakufa njiani kwa mbung'o, kwa hiyo kila kitu kinabebwa na wapagazi, kilo thelathini kwa mtu. Agiza vitu, gawa mizigo, eleza kwa nini.

Nilicheka nusura nianguke. Mimi! Niliyepakia malori ya Columbus na Buffalo mengi kuliko nywele za kichwa changu, na enzi hizo nywele zilikuwepo. Jumamosi moja tu nikawa nimemaliza: risasi, mahema, majora ya vitambaa, shanga na waya wa shaba vya kununulia chakula njiani, chumvi, biskuti, na kwinini ya kutibu homa. Nikapanga kama tunavyopanga ghalani, bidhaa za aina moja pamoja. Hawa wabebe chumvi, wale vitambaa, na kwinini yote, kwa kuwa si nyingi, nikampa mtu mmoja. Orodha ilipendeza hadi ungeweza kuitundika ukutani ukasali mbele yake.

Jumapili baada ya ibada nikampigia mama, anayeishi Black Rock kule Buffalo na kufanya kazi kiwandani Tonawanda. Nilitaka sifa tu. Nikamsomea orodha nzima.

"Bon," akasema kwa Kiswahili chake cha Kivu, chenye Kifaransa ndani. "Na ule mwenye dawa, akikimbia?"

"Akimbie kwa nini, mama?"

"Papa, anabeba kilo makumi tatu ya wazungu, anapigwa fimbo, na unauliza kwa nini? Mimi ningekimbia siku ya kwanza. Donc dawa yote imeenda. Askari wako banakufa na homa, bako na shanga mingi sana!"

Nikamwambia ghalani hatuchanganyi bidhaa.

"Depo haikimbiake. Siye tulikimbia. Unakumbuka kafurushi kako?"

Nililikumbuka. Nilikuwa na miaka minane vita vilipotutoa nyumbani Kivu, na mama alinifunga mgongoni furushi lililokuwa zito kama jokofu, au ndivyo ninavyolisimulia. Njiani watu walitawanyika, nikapotezana naye siku nne. Ndani mlikuwa na unga, chumvi iliyofungwa kwenye kitambaa, kiberiti na vidonge viwili vya homa. Miaka yote niliamini alinibebesha vile kwa sababu ya utundu wangu.

"Bote sita mulikuwa na bintu ile ile," akasema. "Nilijua tutaachana. Sikujua ni nani."

Kisha akauliza kama nimekula.

Nikaifumua orodha yote. Kila mzigo ukapata kidogo cha kila kitu. Risasi tu ndizo nilizoziacha kwenye makasha yake. Darasani mwalimu alikunja uso.

"Hapa watapoteza saa nzima kila jioni, kufungua na kufunga," akasema. "Haya umeyatoa kitabu gani?"

Nikaeleza habari ya wapagazi wanaotoroka. Alipozidi kunibana, nikaeleza habari ya mama. Hata yule mwenzetu aliyelala tangu muhula uanze aliamka.

"Nitakupitisha," mwalimu akasema. "Lakini chanzo lazima kiandikwe. Jina na mahali."

Nilipompigia kumwomba ruhusa, mama akakataa katakata. "Jina yangu kwa karatasi ya jeshi? Hapana! Andika: mama moja wa Buffalo, watoto sita, bote balifika."

Nikaandika hivyo hivyo, chini ya ukurasa wa mwisho. Mwalimu alisoma mstari ule mara mbili, akachukua kalamu, akanipa alama ya kufaulu bila kugusa neno.