Chef Kitsa na Keki ya Bami

Kitsa njo chef wa nyumba kumi ku avenue yetu, commune Kimemi, tangu miaka kumi na sita. Nyumba zenyewe sasa ziko makumi tatu na ine, mais hakuna mutu alimuambiaka asimame kuhesabu. Muzee mwenye alikuwa chef mbele yake alihamiaka Beni, Bungulu kule, akamuambia: "Mon petit, ikala kwanza pa nafasi yangu, bureau ya commune itatuma barua ya kukunominer, kukuweka chef kabisa." Barua haijafika. Kitsa ni intérim tu, anashikilia nafasi. Anaandika bageni, anatenganisha bamama benye kupigania kamba ya kuanika manguo, na ku matanga anaikalaka kiti ya mbele na koti yake ya marron, hata jua iwe inachoma. Umuite "Papa Kitsa", hapana kuitika. Sema "Chef", anageuka mwili muzima.

Kuna kitu moja tu yenye inamuumizaka tumbo: Ananie. Ananie anauzisha mabao, ni diacre, shemasi, kwa Baprotestanti, iko na simu mbili, anasalimia hata mbuzi. Shida ikiingia mu avenue, batu banaenda kwanza kwa Ananie, kisha banapita kwa Chef, heshima tu.

Bon. Mwaka jana, Maëlle, volontaire wa kujitolea kutoka Ufaransa, mwenye kufundisha batoto basiosikia, alikuwa amepanga chumba kwa Kitsa. Noeli alikula na siye, alicheza na siye, safi. Januari ikaanza, akanyamaza. Mama Kanyere, muke ya Kitsa, akamuuliza: "Mwana yangu, nani amekufa?" Kumbe hakuna mutu amekufa. Kwao, siku ya Epifania, koko yake, mama muzee ya familia, anapikaka keki ya Bami, ni kusema bafalme. Banaficha haragi moja ndani. Mwenye kuipata mu kipande yake iko mwami siku ile muzima, anavaa taji ya karatasi, anatoa amri, bengine banatii.

Siye bajeune tulicheka mpaka mbavu. "Maëlle, siye tunakula maharagi kuanzia lundi mpaka samedi, na hata mutu moja hajakuwa mwami!"

"Ni juu munakula mingi," akajibu. "Inaomba moja tu."

Kitsa yeye hakucheka, juu Maëlle alikuwa ameisha kualika batu: Chef, Mama Kanyere, Bénite, mutoto yao ya mwisho wa miaka kumi na saba, siye bajirani bine, na Ananie. Ananie aliuliza kwanza, "Hiyo ni kitu ya Bakatoliki?" Maëlle akasema, "Ni keki." Ananie: "Ah, basi nakuya."

Elewa Kitsa. Pale kwetu, jina ikikukamata haikuachilie. Kuna papa moja alianguka mu mufereji mara moja, zamani, mpaka leo anaitwa Mufereji, na batoto yake Bana-Mufereji, na moja kati yao ni docteur. Ananie akivaa taji mbele ya bajirani, ataitwa Mwami mpaka kaburi. Na intérim ataitwa nini?

Dimanche ya Epifania, kisha misa, Maëlle akapika. Amandes, zile lozi, hakuna, akatia karanga. Four ya kuokea hakuna, akatumia sufuria na makala juu ya mufuniko. Mbele ya kutia ku moto, Kitsa akaingia mu jiko, kitu yenye hajafanyaka tangu ndoa.

"Nimekuya juu ya usalama," akasema. "Kitu ikifichwa mu quartier yangu, autorité anapaswa kujua fasi iko."

Maëlle, mwenye adabu, akamuonyesha haragi fasi anaiweka, akafunika unga, akatoka kunawa mikono. Kitsa akachora kamusalaba kadogo na kucha juu ya fasi ile. Akatoka anapiga muluzi.

Tukaikala. Maëlle akakata vipande tisa. Kitsa ameisha kunyoosha mukono kwa kipande ya musalaba.

"Hapana, Chef! Mudogo kupita bote anaingia chini ya meza, asione. Miye nagusa kipande, yeye anasema ni ya nani."

"Chini ya meza? Bénite amevaa jupe ya misa!"

"Papa, naingia," Bénite akasema. Alikuwa ameisha kuingia.

Maëlle akagusa kipande ya musalaba. Kitsa akakohoa. Akakohoa tena. Akatupa muguu.

"Papa, unanipiga!" sauti ikatoka chini. "Hii ni ya... Papa Ananie."

Vipande ingine ikagawanywa vile vile. Bénite alipotoka, Ananie akaomba baraka. Maombi yake ilizunguka mpaka Israeli ikarudi, Kitsa akapata wakati wa kufikiri.

"Amina. Ananie, mon frère, kipande yako imeungua. Kamata yangu, unipatie yako."

"Haina shida, Chef. Miye napenda yenye kuungua."

"Nakuomba."

"Mais Chef..."

"Nakuomba kabisa, mbele ya hii batu bote. Ikamate!"

Hatukuwaka kusikia Kitsa anaomba mutu kitu. Ananie akakamata, sawa vile mutu anapokea mutoto ya wenyewe.

Kitsa akatafuna polepole. Karanga. Unga. Karanga tena. Akakula na makombo. Kisha tukasikia *kro!* Ananie alishika shavu, akatosha haragi mu kinywa. Nyekundu, nzima.

Mama Kanyere akaangalia mabati. Kesho yake njo alituambia: "Niliona ule musalaba, nikahamisha haragi ngambo ingine, ipate kuanguka yenyewe. Na Mungu akamupatia Kitsa! Yeye akaitoa na mikono yake miwili."

Maëlle akavalisha Ananie taji, anacheka na machozi. Siye tukapiga meza: "Amri, Mwami! Amri!"

Ananie akasimama. "Miye niko na mabao ya kuuzisha. Kesi ya kamba ya manguo, hapana, siiwezi. Chef Kitsa, tangu miaka kumi na sita uko intérim. Leo nakunominer. Définitif, kabisa!"

Tukapiga mikono mpaka jirani wa ngambo akatoka kuangalia. Kitsa akasimama, akafunga vifungo ya koti, na kinywa ikatangulia kichwa, ikashukuru kwa luga yetu: "Wasingya, Mwami."

Akasikia yenye kinywa ilisema. Akaikala.

Lundi, kesho yake asubuhi, tulimukuta kwa Ananie, pale ku mabao, na karatasi nyeupe mukononi. Alikuwa anaomba ile neno "définitif" iandikwe.

"Mais Chef," Ananie akasema, "bwami ilikuwa ya siku moja. Ilikwisha jana mangaribi."

Kitsa akamutolea kalamu ya bic. "Basi weka tarehe ya jana."