Unga wa Katikati

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani, ingawa mengine mengi ya miaka ya hamsini yamekwenda zake. Nakusimulia kwa sababu juzi ulinipigia simu kutoka Naivasha ukilia, ukasema wewe na mama mkwe wako hampikiki chungu kimoja, na kwamba safari hii lazima mmoja wenu ashinde. Pangusa machozi kwanza. Mimi pia niliwahi kutaka kushinda.

Nilitoka kwetu Bungoma kwa treni, bibi arusi wa Barasa, aliyekuwa akichonga mawe ya kujengea pamoja na baba yake huko upande wa Kabazi, mahali ambapo nchi inakatika ghafla na kuteremka bondeni. Tulikaa boma moja na wazazi wake, nyumba mbili zikitazamana, na kila nyumba na jiko lake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama mkwe wangu alimpikia mwanawe ugali kama alivyompikia tangu utotoni. Nami nilimpikia mume wangu ugali, maana niliolewa nije kufanya nini? Jioni Barasa akirudi anakuta sahani mbili zinamngoja. Akianzia kwa mama yake, mimi nanuna. Akianzia kwangu, mama anaumwa kichwa mpaka asubuhi. Basi maskini akawa anakula zote mbili. Ungedhani atanenepa. Alikonda, mwanangu, mpaka ukanda wa suruali ukatobolewa tundu jipya, na mimi nikasema kosa ni la ugali wa mama.

Baba mkwe wangu, mzee Makokha, aliyaona hayo yote. Lakini kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana sana. Hawapeani mkono, hawakai karibu, na kumkaripia ana kwa ana ni aibu kubwa. Kumkaripia mkewe mbele yangu nako hakukufaa. Kwa hiyo alinyamaza, mpaka mchana mmoja tulipompelekea chakula kwari, pale walipochimba mawe, mimi na mama, kila mtu na kikapu chake, hatusemezani njia nzima.

Kwari yao ilikuwa chini ya ule ukuta wa mteremko, na palikuwa na sehemu moja ambayo wachonga mawe hawakuigusa. Waliiita unga. Jiwe la upande mmoja lilikuwa zima na gumu, la upande wa pili gumu vilevile, na baina yao mkanda wa vumbi jeupe, laini, unaoponyoka vidoleni. Zamani nchi ilipokatika, upande mmoja ulishuka na mwingine ukagoma, zikasuguana kwa miaka ambayo hakuna aliyekuwapo kuihesabu. Uso wa jiwe ulikuwa umesuguliwa hadi unang'aa, na mikwaruzo yake yote imeelekea chini. Kilichokuwa katikati kilisagika.

Mzee alitugeuzia mgongo, akagonga jiwe kwa nyundo, akaanza kuzungumza. Si na sisi. Alizungumza na jiwe.

"Wewe wa juu, wewe ni mgumu," akasema. "Na wewe wa chini, wewe pia ni mgumu. Hakuna mwenye amekubali. Sasa mimi nauliza, nani ameumia?"

Mama akanitupia jicho, kana kwamba ananiambia, unasikia unavyosemwa? Mimi nami nilikuwa nimeshamtupia jicho hilo hilo.

Mzee akachota ule unga kiganjani. "Mwenye ameumia ni huyu. Yeye hajasukuma mtu. Yeye alikuwa tu hapa katikati." Akaupuliza, ukapeperuka wote. "Na huyu kijana wangu ameenda kuomba kazi ya reli huko Uganda. Wamemkubali. Anaenda mwisho wa mwezi, na hajui atawaambia aje hawa mawe wawili."

Mama akaweka kikapu chake chini. Mimi nikakumbuka lile tundu jipya la ukanda, nikaona haya.

Mzee bado hakugeuka. Alisogea kando kidogo, mahali ambapo tabaka za jiwe zilikuwa zimepinda kama mkeka uliosukumwa na mguu. "Hawa pia walisukumwa," akaliambia jiwe. "Lakini walijikunja polepole, kidogo kidogo. Hata leo wako." Kisha akanawa, akala kutoka vikapu vyote viwili, kwa taabu.

Njiani kurudi, mama ndiye aliyeanza. "Mimi nilizaa huyo peke yake," akasema. "Ukimchukua nitabaki na nini?"

Sikuwahi kufikiri kwamba naye anaogopa. Nilidhani ni mimi tu, mgeni wa boma. Nikamwambia, "Mama, na mimi huku sijui mtu. Najua yeye tu. Na nyinyi."

Jioni Barasa alikuta jiko langu halina moto, akashikwa na hofu akidhani nimerudi kwetu. Kisha akatuona kwa mama, mmoja ameshikilia sufuria, mwingine anasonga. Sahani ilikuwa moja.

"Nani amepika?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu matope kwa mguu.

"Kula tu," tukasema kwa pamoja.

Akala. Alipomaliza akaomba kuongezwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nilipofika. Habari ya reli hakuitaja, na sisi hatukuuliza. Mwisho wa mwezi ulifika, ukapita, naye yuko kwari anagonga mawe.

Basi shauri langu ni hili, mwanangu. Mkigombana na huyo mama, usiangalie nani mgumu zaidi. Mwangalie aliye katikati, amekonda kiasi gani. Sikwambii uvunjike. Jikunje kidogo tu, na uwe wa kwanza. Mama mkwe wangu hakuwa malaika, tuligombania chumvi mpaka uzeeni, na siku alipofariki nililia kuliko nilivyomlilia mama aliyenizaa. Leo usingoje akuite. Chukua unga wako, nenda jikoni kwake, umuulize maji yamechemka?

Mungu alainishe mikono yako na moyo wake. Nyumba yenu isikose moto, wala watu wa kuuzunguka. Na huyo mume wako, jioni ya leo, aombe kuongezwa.