Daftari la Majina ya Utani

Tangu jioni tulikaa kibarazani kwa mwalimu tukisubiri simu ya ofisi ya elimu. Darasa letu la jioni lisipoingia kwenye mpango wao wa miaka mitano, lingefungwa, na binti yangu, aliyefukuzwa shule kwa ujauzito na sasa anasoma humo pamoja nami, alikuwa amebakiza miezi mitatu afanye mtihani. Nilimtazama mwalimu usoni tu.

Mchana yeye ni fundi cherehani. Jioni, mwaka wa tisa huu, anafundisha watu wazima kwenye chumba cha darasa la kwanza tulichoazimwa na shule ya msingi, magoti yetu yakigonga madawati. Mwanzoni dereva mmoja alichekwa kazini hadi akahama, kisa jina lake limeonekana kwenye daftari la mahudhurio. Toka hapo mwalimu akatuandika kwa majina ya utani: Bi Ndoo, Kinyozi, Bisibisi. Alidhani anatusitiri.

Ofisa mipango wa elimu alikuwa amekuja kutuhesabu saa tatu asubuhi, sote tuko vibaruani, akapata sifuri. Mwalimu alipomwonyesha daftari akacheka. “Mama, hawa ni watu au vyombo vya ndani?”

Sijamsamehe. Kwenye fomu yake mwanafunzi ni mtoto mwenye sare. Mimi niliyejua kusoma kadi ya kliniki nikiwa na miaka arobaini na sita, ni hewa.

Karani wake alipiga simu saa mbili usiku, kama anatutupia makombo. Walitaka majina kamili ya wanafunzi ishirini na sahihi zao, kufikia keshokutwa asubuhi. Sisi ni ishirini kamili. Kumi na tisa tuliandika palepale daftarini, binti yangu akitangulia. Bisibisi, fundi wa milango, akagoma. Ukweni kwake wanaamini alimaliza shule.

“Mwandiko wako nimekufundisha mimi,” mwalimu alimwambia. “Unauonea haya?”

“Nisamehe, mwalimu. Nyumba yangu itavunjika.”

Nikamwambia ya binti yangu ilivunjika kabla hajaijenga, aandike. Akaondoka.

Kesho yake jioni tulikuta mlango wa darasa una kitasa kipya. Mwalimu mkuu wa shule ile hakungoja hata siku ya mwisho tuliyopewa, na fundi aliyemwita alikuwa huyohuyo Bisibisi. Alisimama pembeni na mfuko wake wa vifaa. Akatoa ufunguo wa akiba, akamwonyesha mwalimu, uwe badala ya sahihi yake.

Mwalimu hakuugusa. Alimnyooshea daftari na kalamu.

Binti yangu alinishika mkono. Bisibisi alilitazama daftari, akatutazama, akarudisha ufunguo mfukoni, kalamu ikabaki mkononi mwa mwalimu.