Mwalimu Veronika na Radhi ya Kindness

Mwalimu Veronika si mtu wa kupendeka haraka. Nasema mimi ninayekaa naye meza moja ofisini miaka na miaka, ninayemwagiwa chai yake na kuachiwa maganda ya ndizi zake. Ana sauti nzito, hana dogo, na ukimwambia "tutaona" anakuuliza utaona lini. Walimu wapya wanamwogopa. Watoto hawamwogopi hata kidogo, na nadhani hilo ndilo linalowaudhi wengine, ingawa hawatalisema.

Kwao ni Rombo, juu kidogo ya Tarakea. Baba yake alikuwa na kahawa, mama yake akiuza maharage mpakani. Ana mdogo wake, Basili, aliyezaliwa hasikii. Basili hakupelekwa shule. Wazazi hawakuwa wakatili. Walimlisha vizuri, walimnunulia nguo za Krismasi kama wenzake, wakamfundisha kukata majani ya ng'ombe. Ila shule walisema ataenda kufanya nini. Sasa hivi Basili ana mvi, anabeba mizigo sokoni Tarakea, na soko zima linamwita Bubu.

Mwaka mmoja Basili aligongwa na pikipiki, akavunjika mguu. Wasamaria wakampeleka hospitali. Veronika alipopata habari alipanda gari kutoka huku hadi kule, akapita wodi baada ya wodi akimuulizia Basili, akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Alimkuta mwenyewe, kitanda cha mwisho, amelala chini ya kadi iliyoandikwa Bubu. Ameniambia habari hiyo mara moja tu, tukiwa tunasahihisha madaftari, na hakuinua macho. Mimi nililia. Yeye aliendelea kusahihisha.

Kwa hiyo Kindness alipoletwa shuleni kwetu, mnaweza kuelewa Veronika alivyomshika. Shule yetu iko huku juu mlimani, ukitoka Moshi mjini unapanda na bodaboda mpaka masikio yanaziba. Kindness analelewa na babu yake, Mzee Elimringi, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Mtoto hasikii tangu alipougua homa akiwa mchanga. Babu alimleta akamwacha mlangoni kwa Veronika na kusema, "Mwalimu, akae tu na wenzake." Hakuwa anategemea zaidi ya hapo.

Veronika akategemea. Alimkalisha mbele, upande wa dirisha, ili mwanga umwangukie mwalimu usoni na mtoto aone midomo. Akaacha kuongea huku anaandika ubaoni, jambo ambalo nawaambia ni gumu, jaribuni. Alitafuta alama za mikono kwenye simu yake usiku, asubuhi akawafundisha darasa zima, si Kindness peke yake. Watoto walizishika haraka kuliko sisi. Wakampa Kindness jina lao la mikono: kidole kimoja shavuni, pale anapobonyea akicheka. Ukipita kwenye lile darasa wakati wa mapumziko ulikuta ugomvi mzima unaendelea kwa vidole, kimya, na matusi yamo.

Mtoto akasoma. Hesabu aliwashinda wengi. Kisha akapanda darasa la nne, ambako kila somo lina mwalimu wake, na mwaka huohuo tukaletewa mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Leodegar.

Leodegar ni mtu wa Mungu, ananyoosha mashati yake, anawahi kazini. Ana imani moja: heshima ikianguka shuleni, kila kitu kimeanguka. Wiki yake ya kwanza aliingia darasa la nne ghafla. Watoto wote wakasimama, shikamoo mwalimu. Kindness alikuwa ameinamia daftari anachora, maana mwalimu wa kipindi kilichotangulia alikuwa amemhamishia nyuma, eti kwa urefu wake anawaziba wenzake. Hakuona kitu. Mwalimu mkuu akamwita mara mbili. Akamwona mtoto anayemdharau mbele ya darasa. Alimfuata, akamwinua, akamchapa fimbo nne viganjani. Na wale watoto wanaozungumza naye kila siku wakanyamaza wote, kwa sababu mwalimu mkuu akiwa amekasirika, nani atafungua mdomo?

Tulimwambia ofisini baadaye kwamba mtoto hasikii. Akasema, "Mngeniambia mapema." Sikatai, tungemwambia.

Kindness hakuja kesho yake, wala keshokutwa. Ikafika wiki. Babu akatuma ujumbe kuwa mtoto akivalishwa sare anaivua. Tukasikia pia kwamba shangazi yake, mwenye kibanda cha chakula kule Pasua, Moshi mjini, amesema kama mtoto hasomi basi apelekwe kwake akamsaidie kuosha vyombo, na kwamba Jumapili ya pili atapanda kumchukua. Sisi wote tunajua maana yake. Mtoto akishateremka Pasua kuosha vyombo, harudi kupanda na begi la shule.

Basi kikaitwa kikao. Mwalimu Martin wa hesabu, kijana, ndiye aliyeanza. "Mimi sina ubaya naye, ila tuwe serious. Nina watoto zaidi ya themanini mle ndani. Nikisimama namwangalia yeye usoni, wale themanini nani anawaangalia? Ziko shule zao maalumu, za bweni, zina wataalamu. Huku tunamtesa."

Alikuwa na hoja, na wengi tuliitikia kwa kichwa. Sote tulishakaa semina ya elimu jumuishi Bomang'ombe, tukala wali na kupiga picha ya pamoja, na tuliporudi madarasa yalikuwa yaleyale.

Leodegar akasema naye anaona hivyo. Angeandika barua ya uhamisho. Alisema kwa upole, na ndipo nilipogundua kwamba anataka mtoto aende mbali ili asimwone tena.

Veronika alisubiri wote wamalize. "Bweni lina nafasi?" akauliza. Hakuna aliyejua. "Nimepiga simu. Hakuna nafasi mwaka huu, na mwakani ni majaliwa. Kwa hiyo tusidanganyane, hapa hatujadili bweni. Tunajadili Pasua." Akamgeukia Martin. "Na wewe, wale themanini hukuwaangalia hata kabla Kindness hajaja. Unafundisha ubao. Alipokuwa kwangu, wale waliokuwa wanasinzia nyuma waliamka, kwa sababu nilijifunza kugeuka na kuwatazama watu usoni. Muulize mtoto yeyote."

Martin akakunja ndita.

"Mkuu," Veronika akamwambia Leodegar, "wewe ni mtu wa huku. Umekosea watu. Unajua kinachofanyika."

Leodegar alijua. Huku kwetu, mtu aliyekosa akitaka radhi hachukui maneno tu. Anachukua jani la isale, lile refu la kijani tunalopanda mipakani na makaburini, analipeleka kwa aliyekosewa. Likishapelekwa, aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa. Nimeona watu waliopigana kwa mapanga wakikaa meza moja kwa sababu ya isale.

Mwalimu mkuu alikwenda Jumamosi ile, na mimi na Veronika tukamsindikiza. Mzee Elimringi alitupokea vizuri. Leodegar akasimama mbele yake, akampa lile jani kwa mikono miwili, akaomba radhi kwa heshima zote. Mzee akalipokea. Akasema yamekwisha. Zikaletwa soda, ikaletwa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa wanaokunywa, wakaongea habari za bei ya kahawa. Kindness alikuwa mlangoni mwa jiko anatutazama. Hakuna aliyemwita. Tulishuka na moyo mwepesi, na Leodegar alikuwa anapiga mluzi.

Jumatatu Kindness hakuja.

Leodegar alikasirika. Alisema ameshafanya ya kimila, babu ameridhia, afanye nini tena? Veronika akaweka kikombe chini. "Ulimchapa babu?" akamuuliza.

"Usinichezee, madam."

"Sichezi. Nakuuliza ulimchapa nani. Aliyekosewa yuko mlangoni anatuangalia tunakunywa soda, na sisi tunapeana radhi juu ya kichwa chake. Hata mimi nilikaa pale nikanywa, sikuona. Basili wangu ameishi hivyo maisha yake yote. Anaongelewa yupo palepale."

Leodegar akasema hajawahi kusikia mtu mzima anampelekea mtoto isale, tena mwalimu mkuu, watu wakisikia itakuwaje. Veronika hakumbembeleza. Alisema tu kwamba shangazi anakuja Jumapili, akachukua chaki akaenda darasani. Wiki nzima hawakusalimiana. Nilichoka nao wote wawili.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa kwa Mzee Elimringi mimi na Veronika, tumekuja kujaribu kumzuia shangazi kwa maneno. Shangazi alikuwa ameshafika, mwanamke mchangamfu, si mbaya, na begi la Kindness lilikuwa limeshafungwa kwenye benchi. Tukiwa hapo Leodegar akatokea kwenye migomba, peke yake, na shati lake la kanisani. Mkononi ameshika isale.

Mzee akamtazama. "Mwalimu, yale yalikwisha."

"Yako wewe yalikwisha, mzee wangu. Nimemletea yeye."

"Mtoto hapewi isale," akasema Mzee Elimringi, taratibu, kama anayemrekebisha mtu aliyekosea maombi kanisani. "Hatujawahi."

"Najua," akasema Leodegar. Akamwendea Kindness.

Kindness alikuwa amesimama kando ya benchi. Alimwona mwalimu mkuu anakuja na kitu kirefu, chembamba, mkononi. Uso wake haukubadilika. Aliweka chini kitambaa alichokuwa ameshika, akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, akafumba macho akangoja.

Shangazi aliweka mkono mdomoni. Mimi nilitaka kwenda kumshika yule mtoto, Veronika akanivuta gauni, nikabaki.

Leodegar alisimama pale, mtu mzima. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake nzuri, akalilaza lile jani juu ya vile viganja, polepole sana, akaondoa mikono yake.

Kindness alingoja bado. Fimbo haikuja. Akafumbua macho, akaona isale. Isale analijua, aliliona wiki iliyopita mikononi mwa babu yake. Kwa hiyo alifanya alichoona ni sahihi: akageuka, akamnyooshea babu, ampe kilicho chake.

Mzee Elimringi alilitazama lile jani kwa muda. Mimi nikasema moyoni, akilipokea tu, tumekwisha. Hakulipokea. Aliusukuma mkono wa mtoto urudi, mpaka jani likamgusa mtoto kifuani, kisha akainua kidole chake kikavu na kumgusa shavuni, pale anapobonyea. Sijui alijifunza wapi. Labda alikuwa anawaona watoto wanapopita njiani.

Kindness alilishika jani kifuani. Akamgeukia Leodegar, aliyekuwa bado yuko chini na machozi yanamtiririka bila aibu. Hakutabasamu, na sikutegemea atabasamu. Alimtazama sana, kama anayepima. Kisha akanyoosha ule mkono mwingine, akamshika mwalimu mkuu kwenye kiwiko na kumwinua, kama wanavyofanya wakubwa wakishamsamehe mtu.

Shangazi akafungua begi, akaanza kurudisha nguo ndani ya nyumba.