Mayai Kifuani

Tela lililoachwa na wajenzi wa barabara hapa Kibondo siku hizi ni kibanda cha kuchajia simu. Humo humo mama mwenye kibanda ameweka mashine ya kutotolea vifaranga. Juzi asubuhi nilikuta soketi zote zimekufa, lakini taa inawaka.

"Umeme si upo?" mteja mmoja akauliza.

"Taa ina njia yake, soketi zina njia yake," alijibu fundi wa umeme aliyeitwa na mama, akiwa amepiga magoti kando ya soketi. "Mama, ulideki?"

"Kila asubuhi nadeki."

"Basi maji yameingia soketi ya chini, swichi ya usalama ikajizima. Ngoja niikaushe."

Mama akafungua mashine. "Mayai haya yanatotoa kesho. Yakipoa, ndiyo basi." Akachukua yai, akalitia kifuani ndani ya kitenge, kisha akatutazama. Akaanza kutugawia mengine.

Tukapokea mmoja mmoja. Wengine waliyaweka kwapani, wengine chini ya sweta. Ukungu ulikuwa bado mlangoni, na sisi wenye haraka zetu tukasimama kama watu wanaosikiliza mvua ya mbali.

Fundi akarudisha swichi. Mashine ikanguruma, simu zikawaka.

"Haya, rudisheni," mama akasema.

Hakuna aliyesogea. Mzee mmoja, aliyekuwa akigombea foleni tangu nifike, aliinua kidole huku amefumba macho.

"Subiri kidogo, mwanangu. Langu linalia."

Simu yangu niliisahau kule. Nilifika nyumbani mkono ukiwa bado kifuani, ingawa yai nilisharudisha.